Angalia Kinachoisha: Mwongozo wa Vyombo vya Umeme kwa Mafundi wa Kisii na Nyamira

Chukua diski ndogo ya graenda, ile ya milimita 115, uisome kabla ya kuifunga. Kwenye karatasi yake pana nambari, kwa kawaida 13,300. Hiyo ndiyo mizunguko ya juu kabisa ambayo diski hiyo inaruhusiwa kufanya kwa dakika moja. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati, pale nati inapokaza, mara nyingi pamepigwa mwezi na mwaka. Hapo ndipo umri wake unapokomea, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe. Kuna mafundi waliokata vyuma miaka 20 wasisome hata moja kati ya nambari hizo mbili.

Mwongozo huu ni wa fundi wa vyuma, seremala, mchongaji wa Tabaka, mpasuaji wa mbao na kijana wa mjengo, awe Ogembo, Keroka, Nyansiongo au mjini Kisii kwenyewe. Vyombo vinavyopangwa leo kwenye maduka ya vifaa havikuwako huku kwetu mabwana waliotufundisha kazi walipokuwa vijana: misumeno ya mnyororo inayoshikwa kwa mkono mmoja, drili zisizo na waya, mashine za kuchomelea zinazoning'inizwa begani kama mkoba wa mwanafunzi. Vingine vinafaa sana, vingine ni mtego. Ili kuvitenganisha tutatumia kipimo kimoja. Kabla ya kuuliza chombo kina nguvu kiasi gani, uliza ni kitu gani ndani yake kinachoisha. Diski huisha, kaboni huisha, betri huisha, mnyororo huisha. Muuzaji husifu mota, lakini pesa ya fundi, na pengine kidole chake, hupotelea kwenye kile kinachoisha.

Graenda na diski yake

Nambari 13,300 haikuokotwa njiani. Diski za kukatia zinazoshikwa na gundi huundwa zistahimili ukingo wake ukikimbia hadi mita 80 kwa sekunde. Matatu ya kwenda Nairobi imefungwa spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Mita 80 kwa sekunde ni kilomita 288 kwa saa, na ukingo huo unazunguka kiasi cha mkono mmoja kutoka usoni pako.

Sasa tazama jambo linalofanyika kila siku katika karakana zetu. Graenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Diski yake ikiliwa hadi ikawa ndogo, fundi huona imekuwa fupi kufika ndani ya bomba la mraba. Anang'oa kava na kufunga diski ya milimita 180 iliyotolewa kwenye graenda kubwa. Diski hiyo inaruhusiwa mizunguko 8,500 tu. Ikizungushwa 11,000, ukingo wake unapita mita 100 kwa sekunde, na kava iliyokuwa izuie vipande ipo sakafuni. Diski ikipasuka katika hali hiyo, vipande huruka kabla jicho halijapata muda wa kufumba. Asiye na diski ya kufaa na aende akainunue. Diski ni kati ya vitu vya bei ndogo katika karakana ya vyuma.

Tarehe iliyo kwenye pete nayo ina maana kubwa hapa kwetu kuliko mahali pakavu. Gundi inayoshika diski hunywa unyevu, na nchi ya Gusii haina miezi mingi isiyo na mvua. Diski zilizotundikwa kwenye msumari chini ya paa linalovuja, au zilizolala kwenye sakafu ya udongo, huwa dhaifu hata kabla ya tarehe yake. Ziweke zikiwa zimelala bapa ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na ukuta unaotoka jasho. Iliyoanguka kwenye saruji isifungwe tena, hata kama nyufa hazionekani.

Maseremala wana jaribu lao. Siku hizi kuna diski yenye meno ya mnyororo wa msumeno, inayofungwa kwenye graenda ili kuchonga kikalio cha kiti au bakuli la mti. Msumeno wa kawaida wa mnyororo hukimbiza meno yake kwa mita 20 hadi 25 kwa sekunde, una breki ya mnyororo, na una mishikio miwili. Mnyororo huohuo ukifungwa kwenye graenda ya mizunguko 11,000 hukimbia zaidi ya mita 60, wala hauna breki. Ukigonga fundo la mti, graenda yote hurukia shingoni au pajani. Hukumu ya mwongozo huu ni kwamba isinunuliwe. Anayetaka kuchonga mbao kwa graenda atumie diski ya msasa wa majani, au ile ya chuma yenye chembechembe ngumu juu yake. Huchelewa kidogo, lakini haina jino la kudaka. Diski ya msumeno wa mbao, yenye meno makubwa, nayo haina kazi kwenye graenda kamwe.

Ukiwa na hiari ya kuchagua graenda mpya, tafuta yenye swichi inayozima mara tu mkono unapoiachia, na yenye kidude cha kupunguza kasi. Swichi ya kusukuma ikabaki imewaka ndiyo huifanya mashine iliyoanguka iendelee kutambaa sakafuni ikitafuta mguu.

Tabaka: jiwe laini, vumbi gumu

Huko Tabaka, Mugirango Kusini, kuna kazi iliyotangulia umeme kwa muda mrefu. Jiwe la sabuni huchimbwa, hukatwa kwa msumeno wa mkono, hupunguzwa kwa panga na patasi, hulainishwa kwa kisu na tupa, kisha hupelekwa kwa wanaopiga msasa, ambao wengi wao ni wanawake, na msasa huo hupigwa kwa maji ndani ya beseni. Kazi hiyo imefika mbali: sanamu ya Elkana Ong'esa, mchongaji wa huku kwetu, imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Maji ya lile beseni yalikuwa yakifanya kazi ambayo hatukuihesabu. Yalishika vumbi. Graenda ilipoingia ilichukua kazi ya panga ya nusu siku ikaimaliza kwa dakika chache, na jiwe lililokuwa likianguka chini kwa vipande likageuka unga mwembamba unaoelea. Mawe ya sabuni kwa jumla hubeba talki, na baadhi ya miamba ya aina hiyo ina chembe za silika ndani yake. Unga wa namna hii ukishuka hadi ndani kabisa ya pafu haurudi, na pafu lililofanya kovu haliponi kwa dawa yoyote. Tukishika kipimo chetu, graenda inapotumika kavu kwenye jiwe, kinachoisha si diski peke yake.

Lipo suluhisho la haraka ambalo lazima likataliwe: kumwagia jiwe maji huku graenda ya volti 240 ikizunguka juu yake. Maji huingia kwa matundu ya kupoza mota, na mchongaji ameketi kwenye matope akiwa amelishika jiwe kwa miguu. Njia zifuatazo ni bora, na kila moja ina bei yake.

Kwanza, mashine ifanye kazi ya kuondoa jiwe la ziada tu. Umbo likishaonekana, rudi kwenye tupa na maji. Jiwe linalochongeka kwa kisu halihitaji wati 2,000, na kwa maoni yetu sanamu nyingi zinazoharibika mdomo na vidole huharibiwa na haraka ya graenda mwishoni mwa kazi, si ugumu wa jiwe. Graenda ya kasi ya kupunguzwa, ikitembea polepole, hutupa vipande vikubwa zaidi na unga mchache zaidi.

Pili, kuna mashine za kulainisha mawe zilizotengenezwa kwa ajili ya maji. Hizi huzunguka polepole, hupokea mpira wa maji katikati ya diski, na waya wake huja na swichi inayokata umeme uvujapo. Wanaotengeneza meza za jikoni za granaiti wanazijua. Kikundi cha wachongaji kikichanga kununua moja, hutumika kwa zamu.

Tatu, kuna vyombo vya upepo. Kijiti cha kuchongea kinachoendeshwa na hewa ya kompresa hakina umeme mkononi, kwa hiyo maji si adui yake, na ni chepesi kiasi cha kuandikia. Kasoro iko kwenye kompresa. Ile ndogo ya lita 50 inayojaza matairi huishiwa pumzi, mchongaji akafanya kazi dakika moja na kungoja mbili. Usinunue kijiti kabla hujasoma kinakula hewa kiasi gani kwa dakika, ukalinganisha na kile kompresa inachotoa. Kama kompresa haipo, mota ndogo inayotundikwa juu, ikapeleka mzunguko kwa shafti inayopindika hadi mkononi, hutosha kwa macho, manyoya na herufi.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga huu. Barakoa iwe ya kiwango cha N95 au FFP2 kwenda juu, ikae sawasawa na ngozi ya uso, na wenye ndevu wajue kwamba hewa itapitia pembeni. Wapiga msasa walioketi upande upepo unakokwenda hula vumbi la mtu mwingine, hivyo upangaji wa viti ni sehemu ya usalama, na ni bure. Watoto wasikae hapo kabisa.

Stima inayofika na stima inayohitajika

Chombo kikiandikwa 220 hadi 240 V na 50 Hz, kimekuja nyumbani. Shida huanza na mizigo ya ndugu zetu. Watu wa Gusii ni wengi Minnesota, hasa viungani mwa Minneapolis, na binamu anayerudi likizo hupenda kumletea fundi wa familia sanduku la vyombo vya jina kubwa. Zawadi hiyo ni ya volti 120 na 60 Hz. Ukibadilisha plagi tu ukaichomeka ukutani, itanguruma mara moja na kutoa moshi.

Chunguza hivi kabla ya kumwambia binamu asante au pole. Kama ni chombo cha betri, mwili wake unafaa popote, maana betri haijui iko nchi gani. Kinachohitaji transfoma ni chaja, na chaja hula umeme kidogo. Kama ni msumeno au drili ya waya yenye kaboni, itafanya kazi kwa transfoma ya kushusha volti, lakini msumeno wa wati 1,800 unataka transfoma ya kVA 3 au zaidi, ambayo ni mzigo mzito kubeba. Kama ni mashine ya mezani isiyo na kaboni, mfano jiwe la kunolea au msumeno wa meza, hata transfoma haitoshi. Mota hiyo hufuata 60 Hz ya kule, na kwenye 50 Hz ya Kenya itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto. Afadhali binamu alete pesa. Vyombo vya mjengo kutoka Uingereza vyenye plagi ya manjano ni vya volti 110, navyo vinahitaji transfoma yake vilevile.

Ekstensheni ndiyo muuaji wa kimya wa mota. Mjengo uko bondeni, nguzo ya stima iko barabarani, fundi anavuta mita 50 za waya mwembamba. Chombo cha wati 2,000 hunywa ampea 8 na ushee. Kwenye waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, volti 20 hivi hupotelea njiani, juu ya zile zilizokwisha kupotea kabla ya kufika kwenye mita. Mota yenye njaa hupata joto, kaboni hucheza cheche, amecha huungua, na lawama humwangukia aliyeuza chombo. Waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 6 tu kwa umbali uleule. Ekstensheni iliyoviringwa kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kubebeshwa mzigo, la sivyo huyeyuka katikati ya mviringo pasipoonekana.

Kwa kazi ya nje, penye umande na udongo mwekundu uliolowa, weka kati ya ukuta na chombo swichi inayokata umeme kwa uvujaji wa miliampea 30. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi hulinda waya; haimlindi mtu. Tena milima hii inajulikana kwa radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa chaja na mashine ya kuchomelea, usingoje mvua.

Mashine hizo nyepesi za kuchomelea za inveta zinastahili neno lake. Ile nzito inayosukwa na jua kali kwa waya wa shaba hudumu kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha kuharibika isipokuwa waya, na waya husukwa upya. Inveta ina bodi ya elektroniki na feni inayovuta hewa. Ukisaga chuma karibu nayo, feni huvuta unga wa chuma na kuulaza juu ya bodi. Iweke upande ambao cheche haziendi. Wala usiamini ampea 300 zilizoandikwa ubavuni. Plagi ya ampea 13 kwa volti 240 hutoa wati 3,120; ukiondoa upotevu, utapata ampea 100 hivi za kuchomelea, tena kwa shida. Hizo zinatosha fimbo ya milimita 2.5, yaani madirisha na mageti mepesi, ambayo ndiyo kazi ya wengi wetu. Anayetaka zaidi aite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA amwekee laini yake.

Betri: hesabu seli, usisome rangi

Drili isiyo na waya si jambo la jana. Black & Decker walitoa ya kwanza mwaka 1961. Betri ya lithiamu ndiyo iliyoifanya iwe chombo cha kazi nzito, tangu Milwaukee walipoanza kuiuza kwa vyombo vya mafundi mwaka 2005. Huku kwetu umuhimu wake ni dhahiri: paa la shule mlimani, nyumba isiyo na mita, matawi ya mikaratusi yanayoziba njia ya majani chai.

Kila seli ya kawaida ya lithiamu ina volti 3.6. Seli 5 zikifuatana ni volti 18. Zikijazwa hadi juu hufika 20 na zaidi, ndiyo maana chombo kilekile kinaitwa 18 na kampuni moja na 20 na nyingine. Hapo hakuna udanganyifu. Udanganyifu uko kwenye zile zenye nambari kubwa 48, 88 au hata 128 pembeni, zikifuatwa na herufi kama VF. Fungua betri ya namna hiyo na mara nyingi utakuta seli 5 zilezile. Ili kupata volti 48 za kweli ungehitaji seli 13, na betri isingeenea kiganjani.

Nambari ya maana ni wati-saa: volti mara ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Ikiwa betri haina wati-saa wala ampea-saa zilizoandikwa, ipime kwa mkono. Iliyo nyepesi kupita kiasi ina seli chache.

Betri ndiyo kinachoisha kwa bei kubwa kuliko vyote, kwa hiyo unaponunua drili ya kwanza unachagua ukoo. Chagua mtengenezaji ambaye betri yake moja huingia kwenye drili, graenda na msumeno, na ambaye betri hizo zinauzwa Kisii au zinaweza kuagizwa kutoka Nairobi. Usiichaji ikiwa ingali moto kutoka kazini wala ikiwa imelowa, usiiache usiku kucha juu ya godoro, na iliyofura usijaribu kuifufua. Kwenye bodaboda isisafiri mfuko mmoja na misumari, kwani msumari mmoja ukigusa vichwa vyote viwili moto huanzia mgongoni mwako. Wapo mafundi wa simu wanaobadilisha seli. Waulize kama wanaziunga kwa mashine ya nukta au kwa risasi ya moto. Anayechoma seli kwa kifaa cha risasi anaipika.

Je, ununue mota yenye kaboni au isiyo na kaboni? Muuzaji atakwambia isiyo na kaboni ni bora, na kwa kweli inakaa zaidi kwa chaji moja na haichezi cheche. Lakini ikifa, imekufa bodi, na bodi haipatikani Nyamache siku ya Jumamosi. Kaboni huuzwa kwa bei ya chai na maandazi, na kijana yeyote wa karakana huzibadilisha. Kwa graenda inayofanya kazi kila siku mbali na mji, sisi tungebaki na kaboni. Kwa drili ya paa, tungelipa zaidi.

Vigeni vinavyostahili nafasi

Cha kwanza ni kichwa cha kung'ata bati. Hufungwa mbele ya drili ya kawaida na hula bati kwa vipande vidogo kama kucha. Tunakitanguliza kwa sababu ya mvua. Bati la rangi likikatwa kwa graenda, joto huunguza rangi na zinki ukingoni, na cheche hutua juu ya paa zikaanza kutu palepale zilipolala. Mwenye nyumba huona madoa ya kahawia baada ya misimu michache na kudhani ameuziwa bati duni. Kichwa hiki hakitoi cheche. Kinachoisha ndani yake ni jino, linalogeuzwa na baadaye kununuliwa peke yake. Okota makombo yake yote, maana ni makali na huingia miguuni mwa kuku na watoto.

Cha pili ni msumeno wa kutetemeka. Asili yake ni hospitalini: kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitoa mwaka 1967 msumeno wa kukatia plasta ya mfupa uliovunjika, ambao jino lake haliviringiki bali hutikisika kidogo sana, ngozi ikatikisika pamoja nalo bila kukatika. Baadaye ukahamia kwa maseremala. Hukata chini ya fremu ya mlango iliyokwisha kusimama, hutoboa nafasi ya soketi kwenye dari, hukata msumari ulio kati ya mbao mbili. Jino la seremala si la daktari, litakukata. Nalo ndilo linaloisha, haraka sana likikutana na msumari, basi penye shaka ya chuma tumia jino la metali mbili.

Cha tatu hatukipendekezi, lakini tunakitaja kwa kuwa mafundi wameona picha zake kwenye simu: msumeno wa meza wa SawStop wa Marekani, unaohisi mwili wa mtu na kusimama kwa milisekunde 5 hivi. Ulianza kuuzwa mwaka 2004. Unatambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme. Mti mbichi wenye maji nao hupitisha, na mkaratusi wetu hufika kwenye meza ukiwa bado unatiririka. Breki ingejipiga bure, na kila ikijipiga hununuliwa mpya pamoja na diski ya msumeno. Meza nyingi za huku zimeundwa na jua kali, zina mkanda ulio wazi, na hazina chochote juu ya diski. Ziwekewe vitu vitatu: kava ya mkanda, kisu chembamba kinachosimama nyuma ya diski ili mti usiibane, na kijiti cha kusukumia ili sentimita 20 za mwisho zisisukumwe kwa vidole.

Misumeno midogo ya mnyororo ya betri, ya inchi 4 hadi 8, inafaa kupogolea. Udogo wake hudanganya. Mkono wa pili, usio na kazi, ndio hushika tawi linalokatwa. Uweke mgongoni kama huna mahali pengine. Na anayepasua mbao kwa pawasoo kwa jicho tu aangalie rundo la unga miguuni pake. Mkato mmoja hula milimita 9 hivi, kwa hiyo mikato mitatu imekula ubao mmoja wa milimita 25 wenye faida. Msumeno wa mkanda unaobebeka hula milimita 2 au 3. Hauwezi kununuliwa na mtu mmoja kwa urahisi, ila wapasuaji wa kata moja wanaweza.

Sheria na mwanagenzi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikutofautisha kiwanda kikubwa na kibanda cha mabati. Mwenye kazi ndiye hutoa miwani, glavu, viziba masikio na barakoa, na haruhusiwi kuvikata kwenye malipo ya kijana. Kanuni za kelele za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, na graenda kubwa hupita hapo. Ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye karibu nawe kiasi cha kunyoosha mkono, masikio yanaisha. Sheria ya mafao ya majeraha kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Glavu za kitambaa zivuliwe mbele ya drili ya kusimama na msumeno wa meza, maana hudakwa pamoja na mkono. Mwanagenzi asipewe chombo kipya siku kilipofika. Kwanza atazame, kisha akitumie kwenye kipande kisicho cha mteja. Aliyejifunzia kibandani anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti bila kurudi darasani miaka mingi, na mijengo mikubwa huuliza cheti hicho.

Dukani

Nenda na kipande cha kazi yako: bomba, ubao au jiwe. Tazama alama ya KEBS na uhakiki nambari yake kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Shika chombo kikiwa kimezimwa, kizungushe shafti kwa vidole na usikilize kama kinakwaruza. Kiwashe bila mzigo kwa dakika mbili uguse kichwa cha gia. Ikiwezekana, kodi cha mwenzako siku moja kwanza.

Kisha, kabla ya kutoa simu ulipe kwa M-Pesa, mwombe muuzaji akuwekee juu ya meza kaboni za chombo hichohicho, au betri yake ya pili, na akutajie bei. Akisema zitakuja wiki ijayo, mwambie na wewe utakuja wiki ijayo. Akiziweka, zinunue pamoja na chombo, na risiti iandikwe nambari iliyopigwa kwenye mwili wa mashine.